Mlafi wa Vulamba

Mama mkwe wangu, Kanyere, anaitwa mlafi hapa Vulamba, mtaani kwetu Butembo, na mimi, mkaza mwana wake Kavira, jina hilo naliringia. Nyinyi mnaocheka, subirini kwanza.

Nilipomzaa Michée, titi langu la kushoto lilivimba, likawa gumu na jekundu, homa ikanipanda, mtoto akiligusa napiga kelele. Penisilini ya kawaida haikufanya kitu. Daktari Octave, aliyetumwa huku Butembo kutoka Kananga, alivuta usaha kwa sindano akaupeleka maabara. Majibu yakaja kwamba vijidudu vyangu ni sugu, vinaivunja penisilini ile. Akaniandikia kloksasilini. Ni ya ukoo uleule wa penisilini, lakini hii vijidudu hivyo haviiwezi.

"Hii nayo ikishindwa, tutapasua," alisema. "Na ziwa inaweza kupotea."

Sasa, kwetu mzazi hakosi wageni. Kila jirani huja na chungu kilichofungwa kitambaa, na mzazi lazima ale mbele ya macho ya aliyeleta. Ukikataa, ni kama umemwambia kwamba unamshuku sumu, na neno hilo halifutiki. Basi nilikula. Ugali wa huyu, uji wa yule, na vidonge juu yake. Tumbo lilishiba vizuri, titi likazidi kuuma.

Daktari aliponiuliza namezaje, nilimjibu kwa majivuno kwamba sijameza hata mara moja bila kula. Akashika kichwa.

"Mais mama! Hii dawa inapenda tumbo tupu. Unameza, unangoja saa nzima, ndiyo unakula. Chakula inaizuia kuingia mu damu. Donc, bageni bakatazwe."

"Bageni hapana kukatazwa, docteur," Kanyere akajibu badala yangu. "Batakuja tu. Uniachie mimi."

Sikumwelewa mpaka Kahongya, dada yake mkubwa anayemwita yaya, alipofika kutoka Beni kwa pikipiki, chungu cha kuku magotini. Nilikuwa nimetoka tu kumeza kidonge. Kahongya akafungua kitambaa, akachagua paja, akalileta hadi mdomoni kwangu. Kanyere akamshika mkono.

"Hapana, yaya. Docteur alikataza. Iko na dawa mu tumbo."

"Dawa gani inakatazaka mutu kula? Dawa inaombaka chakula!" Kahongya alifoka. "Sema tu. Munaniwazia sumu? Mimi nilikubebaka ku mugongo, leo niko mulozi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kanyere hakubishana. Alilichukua lile paja akalila, akatafuna mpaka mfupa, kisha akavuta chungu na ugali, akaendelea mpaka hakikubaki kitu.

"Unaona kama naogopa chakula yako?"

"Kuku ilikuwa ya muzazi!"

"Najua, yaya."

Kahongya aliondoka bila kuaga, na habari ikatangulia pikipiki yake. Mama mkwe amekula kuku wa mzazi! Kwetu hakuna aibu kama hiyo, tena kwa Kanyere, ambaye hajawahi kwenda msibani mikono mitupu. Lakini kila mgeni aliyekuja saa ya kidonge alimkuta yeye na kijiko. Alikula sombe ya majani ya muhogo, alikula maharagwe, alikula mpaka kikwembe kikakataa kufungika kiunoni. Sokoni wanawake wakamwuliza kama leo mzazi ameachiwa hata ukoko. Alirudi nyumbani akilia, akafuta macho kwa kiganja, akaniambia, "Meza, saa imefika." Hapo ndipo nilipompenda kama aliyenizaa.

Homa ikashuka. Titi likalainika siku baada ya siku, nami nikaimaliza dawa yote hata nilipojiona mzima. Octave aliliangalia, akacheka, akasema hatuna haja ya kisu.

Siku ya ubatizo wa Michée ua ulijaa watu. Kahongya alikuja, akakaa mbali na mdogo wake. Chakula kilipoletwa, mwanamke mmoja akapaza sauti: "Mufiche nyungu, mulafi iko hapa!" Wakaangua kicheko. Kanyere akainamisha kichwa.

Damu ikanichemka. Nikasimama katikati ya ua, nikafungua blauzi, nikalitoa titi la kushoto mbele ya wote, nikampa mtoto. Michée akalidaka, akanyonya kwa pupa, maziwa yakamtiririka kidevuni.

"Munamucheka mama juu ya kula," nikasema. "Haya, muangalie. Hii ndiyo alikuwa anakulia."

Kahongya aliinuka, akavuka ua mzima, akaketi kwenye mkeka wa mdogo wake na kumkumbatia shingoni, nao wote wawili wakalia bila haya. Mimi nilibaki nimesimama pale pale, kichwa juu, mpaka mtoto aliposhiba.