Kitambaa Kilichopigwa Pasi kwa Mapenzi

Karatasi ya Bi Doroti ilipofika Andoany, kisiwani Nosy Be, mwaka 1984, tulikuwa wanawake saba barazani, kila mmoja na sindano yake, na hakuna aliyejua Kiingereza ila mimi. Nami nilikijua cha jikoni tu.

Marehemu mume wangu Msa alikuwa mpishi wa melini. Kila akirudi Mahajanga alileta karatasi za kanuni za jiko zilizokwisha muda, nami nilizipachika ukutani kwetu mtaa wa Tsaramandroso, maana ukuta ulikuwa na nyufa. Jioni akinisomea. «Hands must be properly washed.» Mikono lazima ioshwe sawasawa. Akanambia, «Angalia, Hachimia. Mwingereza hasemi nani aoshe. Anasema jambo lifanywe, kisha katikati anachomeka namna ya kulifanya: sawasawa, polepole, kwa uangalifu. Ukilitoa hilo neno la katikati, jiko linaungua.» Tangu hapo nikikoroga mchuzi wa nazi yeye husimama nyuma yangu: «Must be slowly stirred, bibi!» Lazima ukorogwe polepole. Nami namtupia kitambaa cha mkono.

Msa alifariki. Kisha yakaja yale mauaji ya Wakomoro Mahajanga, nikaifunga nyumba, nikamwachia shemeji yangu Boinali ufunguo, nikaja Nosy Be kwa jamaa zangu. Miaka saba nilitarizi vitambaa vya meza kwenye baraza ya watu. Mwaka ule Boinali akaniletea barua: «Shemeji, nyumba imekaa tupu mno. Ukija na kazi ya kukuweka mjini, ufunguo wako huu. Usipokuja kabla ya Ramadhani, nampa mtu wa magunia ya chumvi.»

Chumvi! Ndani ya chumba alichofia Msa!

Basi mjue nilivyoruka siku Bi Doroti alipopita barazani kwetu. Alikuwa Mwingereza wa Nairobi, mnene, mcheshi, muuza vitambaa vya mahoteli. Alizishika kazi zetu, akazigeuza upande wa nyuma kuona mafundo, akaguna kwa kuridhika. Akasema kwa Kifaransa cha kuokoteza kwamba anataka sampuli moja: kitambaa kikubwa cha meza na vidogo kumi na viwili vya mkono. Apelekewe Mahajanga, hotelini kwake, kabla hajapanda ndege. Vikimpendeza, ataagiza kazi ya mwaka mzima, na anataka mtu wa kuisimamia palepale Mahajanga. Akatuachia karatasi ya masharti kwa Kiingereza, akaenda zake.

Niliifungua palepale. Wallahi ilikuwa sauti ya Msa! Mstari baada ya mstari, must be hiki, can be kile, na neno la katikati mahali pake. Nikawasomea wenzangu kwa lugha yetu ya Kikomoro, kifua mbele.

«Mchoro lazima upakwe kidogokidogo.» Wakaitikia. Mchoro wetu huupaka kwa buluu ya kufulia iliyochanganywa na mafuta ya taa, juu ya karatasi iliyotobolewa kwa sindano, ukaacha vidoti kwenye nguo. Hilo tulilijua.

«Kitambaa lazima kioshwe sawasawa kabla ya kupigwa pasi na kukabidhiwa.»

Hapo Koko Rabiata, mkubwa wetu, bibi wa watu wote barazani, akaiweka sindano chini.

«Kioshwe? Umpe mgeni nguo iliyotiwa maji?»

«Ndivyo ilivyoandikwa, koko.»

«Nguo iliyotiwa maji imekwisha kuvaliwa na mtu. Bibi harusi ukimpa kilichooshwa, mama yake atakurudishia mlangoni. Kipya hutolewa kipya, kimenyooshwa, kimefukizwa udi, na vidoti vyake ndio ushahidi. Huyo bibi yako hakufunzwa kwao?»

Nadjati, msichana mwenye ulimi, akacheka. «Labda kwao wanaozeshana kwa mitumba.»

Sikubishana. Nilijiambia: nitakiosha mwenyewe Mahajanga, uani kwa Boinali, na koko asijue. Nilijiona mwerevu.

Tulishona siku kumi na tisa. Jamani, kile kitambaa! Majani yalikatwa matundu kama kimia, na katikati ua moja kubwa ambalo Koko Rabiata alilishona peke yake, macho yake yale yale mabovu, kila uzi mahali pake. Siku ya safari nilikwenda bandarini mapema kushika nafasi katika boti. Niliporudi kikapu kilikuwa tayari kimefungwa kwa kanga. Koko akanikumbatia, akininong'oneza, «Makaa yameniishia, mwanangu. Vile vidogo utanisamehe.»

Nikadhani anasema habari ya vitumbua vya njiani. Nikamwambia, «Hata vikubwa vyatosha, koko.»

Uani kwa Boinali nilikifungua kikapu. Harufu ya udi ikanipanda kichwani. Kitambaa kikubwa kilikuwa kimepigwa pasi, kimenyooka kama karatasi ya msahafu, na kuzunguka kila jani, na ndani ya lile ua, vidoti vya buluu vimekaa. Nikakitumbukiza katika maji baridi. Havikutikisika. Moto wa pasi ulikuwa umevipika ndani ya uzi. Vile vidogo, chini ya kikapu, sikuvifunua; nilidhani navyo vimepikwa.

Bi Doroti alinitaka alasiri. Ilikuwa saa mbili za asubuhi.

Ndimu! Chumvi! Jua! Nilikamua, nikasugua, nikaanika, nikasuuza, nikarudia. Boinali alikaa kwenye kigoda chake akinitazama.

«Shemeji, unakifua au unakitesa?»

«Niletee ndimu nyingine.»

«Umemaliza ndimu za mtaa mzima. Leo Tsaramandroso nzima itakula samaki bila kitu.»

Lakini alikwenda akaleta. Kufikia adhuhuri majani yalikuwa yamesafika, au karibu. Ua la katikati likakataa. Nililisomea dua, nikalisugua tena, nikaona uzi unaanza kunyonyoka, nikaacha.

«Likunje,» Boinali akasema. «Ua liende ndani. Wazungu hawafunui mpaka chini.»

«Huyu hugeuza upande wa nyuma.»

«Basi likunje mara mbili.»

Nilifunga buibui langu. «Boinali, nyumba ile nikiingia kwa kitambaa kilichokunjwa, nitaswalia wapi ndani yake?»

Akainuka kigodani. Mfukoni mwake ufunguo ulilia, nikausikia.

Hotelini nilikitandaza chote juu ya meza, ua juu. Bi Doroti akainama. Akapitisha kidole juu ya lile ua.

«Kimepigwa pasi kabla ya kuoshwa.»

«Ndiyo.»

«Karatasi yangu ilisema.»

«Ilisema,» nikamjibu. Nikaanza kwa Kiingereza changu cha jikoni, kilipokwama nikaingia Kifaransa, na mikono ikamalizia. «Ilisema kioshwe, na kioshwe sawasawa. Haikusema kwa nini. Nami niliwasomea hivyo hivyo, sikuuliza wala sikueleza. Kwetu kilichooshwa si zawadi. Bibi aliyelishona ua hili alikupigia pasi kwa mapenzi, akakufukizia udi. Kosa si lake. Ni langu, maana nilijua kwamba hakukubali, nikamzunguka badala ya kumwambia.»

Akakinusa kitambaa. «Kumbe ndiyo hii harufu?»

«Ndiyo hii.»

Hapo ndipo maneno ya koko yalinirudi. Makaa yameniishia. Vile vidogo utanisamehe! Nikapiga kelele, Mungu anisamehe, hotelini mwa watu. Nikakivamia kikapu, nikatoa vitambaa vya mkono, vyote kumi na viwili, havikuguswa na pasi, vidoti vya buluu vimejaa.

«Beseni!» nikasema. «Maji baridi!»

Bi Doroti mwenyewe alikwenda kulijaza. Nikakitia cha kwanza. Buluu ikatoka kama moshi, ikazunguka, ikapotea, na lile jani dogo la uzi mweupe likabaki jeupe pe. Cha pili. Cha tatu. Yeye akakunja mikono ya gauni akatia cha nne, naye akicheka, maji yakitumwagikia miguuni. «Can easily be removed!» akasema, kwamba vyatoka kwa urahisi. Nikamjibu, «Must be patiently washed!» Vioshwe kwa saburi! Tukacheka kama wasichana kisimani.

Kisha akakaa, akachukua kalamu. «Niambie niandike nini, ili bibi yule akubali.»

Nilifikiri. Nikakumbuka tulivyofundishwa chuo cha Kurani: tumeandikiwa kufunga, na hapo hapo tumeambiwa, ili mpate kumcha Mungu. Hata Mola ametuambia kwa nini. Sisi ni nani tuamrishe watu wazima kwa mkato? Nikamwambia, andika: kioshwe kwanza, kwa sababu moto huipika buluu ndani ya uzi, na kazi ya mshonaji huharibika.

Akaandika. Kile kikubwa hakukichukua. Aliagiza arubaini vingine, nami niisimamie kazi hapo Mahajanga.

Niliporudi uani, Boinali aliniangalia usoni tu, akautoa ufunguo, akautupa hewani nikaudaka.

Koko Rabiata alikuja Mahajanga na Nadjati baada ya Ramadhani kuona chumba cha kazi. Nilimsomea mstari mpya. Akanikazia macho.

«Moto unapika rangi, nani asiyejua? Mbona hukusema, wewe? Umeniacha niaibike mbele ya Mwingereza!»

«Nisamehe, koko.»

Akaketi, akalivuta beseni kwake. Alipoosha na kuanika na kupiga pasi, akaomba chetezo.

«Karatasi haikusema udi,» Nadjati akamchokoza.

«Imekataza?»

Nikaisoma tena yote, juu mpaka chini. Haikukataza. Tukafukiza. Miezi miwili baadaye Bi Doroti akaleta barua ya mstari mmoja: wateja wake wanauliza ile harufu ni ya nini, na tafadhali isiachwe.

Kitambaa cha lile ua kipo mezani kwangu, pale chini ya nyufa. Vidoti bado vinaonekana vizuri.