Jibu Lililozidi Moja

Kila asubuhi, kabla ya vitabu kufunguliwa, mwalimu wa hesabu aliwafundisha watoto kukokotoa kichwani.

"Thelathini na nane jumlisha ishirini na saba. Acheni kalamu. Hiyo thelathini na nane imepungukiwa mbili tu. Ichotee mbili kwa mwenzake, iwe arobaini. Mwenzake amebaki na ngapi? Na jumla je?"

Watoto walifumba macho, wakachota, wakajibu kwa pamoja. "Sitini na sita."

Kwenye karatasi walipata sitini na tano. Kichwani jibu lilizidi moja, na ilikuwa hivyo tangu ukuta wa nyuma wa darasa ulipomwangukia Kifutio, msichana aliyepewa jina hilo kwa sababu hakumwachia mtu kazi ya kufuta ubao. Walimzika Ijumaa. Jumatatu alirudi, akaketi dawati la mwisho, nywele zimejaa vumbi la matofali. Mwenzake wa dawati alisogea kumpa nafasi, akamvunjia nusu ya penseli yake. Mwalimu alimpangusa vumbi kwa leso. Kesho yake vumbi lilikuwepo tena, akampangusa tena.

Mwalimu mkuu alitangaza kwamba mtoto alikufa kwa homa. Nusu ya ukuta iliyosalia iliegemezwa nguzo, ikabaki imeinamia madawati ya nyuma, na darasa lilivyojaa, hakukuwa na pa kuyasogeza. Mwalimu wa hesabu aliomba ubomolewe.

"Subira, mwalimu," aliambiwa. "Mbona ukuta wenyewe umetulia?"

Basi akamngoja mkaguzi wa shule.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, alimwamkia hata mfagizi. Aliwauliza watoto arobaini na sita toa kumi na tisa. Walitoa ishirini, wakarudisha moja, kama walivyofundishwa.

"Ishirini na nane."

"Hata kukosea mnakosea kwa ushirika?"

"Hatujakosea, mzee," alisema mwenzake Kifutio. "Kichwani tunamhesabu na huyu."

Kifutio alisimama kwa adabu. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Si wewe uliyekufa kwa homa?"

"Ni ukuta, mzee." Akamwonyesha.

Mkaguzi aliutazama ukuta, akaitazama nguzo, kisha akasogeza kiti chake karibu na mlango. Mwalimu mkuu alikohoa.

"Watoto wa siku hizi kwa maneno, hawajambo," alisema.

Mkaguzi alipoaga, alimwita mwalimu wa hesabu kando. "Hizi hesabu zako za kichwa zina kasoro. Nikirudi nikakuta jibu limezidi, utatafuta shule nyingine." Habari ya ukuta hakuigusa.

Mwalimu hakulala vizuri. Akiondoka, nani atampangusa yule mtoto? Na nani ataendelea kuomba ukuta ubomolewe? Asubuhi alisimama mbele ya darasa, sauti yake ya chini.

"Wanangu, leo tunaongeza hatua. Ukishapata jibu, usiliseme kwanza. Toa moja, ndipo useme."

Hakuna aliyeuliza hiyo moja ni ya nini.

"Hamsini na saba jumlisha kumi na sita."

Wenzake walisitasita. Kifutio ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono.

"Sabini na tatu."

"Vizuri, mama," alisema mwalimu. "Kaa."

Akaketi mahali pake, chini ya ukuta.