Simu ya Msiba

Bei haijapanda, dada. Hivyo ndivyo alivyoniambia Bryson, kijana wa huduma kwa wateja, yeye akiwa chini ya feni na mimi natokwa jasho upande wa pili wa kaunta. Bei imeboreshwa. Nikamuuliza kama pesa ninayodaiwa mwezi huu ni kubwa kuliko ya mwezi uliopita. Akasema ndiyo. Nikamuuliza hilo huko kwao wanaliitaje. Akaitazama kompyuta yake, akaniomba nisubiri.

Nilirudi pale mara kadhaa, na kila nikirudi napewa maelezo yasiyofanana na ya jana, mpaka nikaelewa kwa nguvu zangu mwenyewe. Tulipounganishiwa intaneti nyumbani tulipewa punguzo la mwaka mmoja, na hakuna aliyetuambia kuwa lingekwisha. Limekwisha. Tena simu ya mezani, ambayo zamani ilikuja bure na kifurushi, sasa imewekewa ada yake. Nikiiondoa simu, nitalipa karibu kama zamani. Nikiibakiza, nilipe yote. Jambo la kuelezwa mtu akiwa amesimama, lakini Bryson alikuwa ameshikilia neno lake la kuboresha na hakutaka kuliachia.

Intaneti siwezi kuiacha. Nafundisha Kiswahili kwa wageni walio makwao, mimi nikiwa chumbani kwangu hapa Ngamiani, na nyumba yetu inakula kwa kazi hiyo. Simu ya mezani nayo ni ya mama, Bi Zuwena, na kuigusa ni kumgusa yeye.

Simu hiyo haipigwi kwa salamu. Kwa salamu kila mtu ana ya mkononi. Tangu enzi za marehemu baba, mtu akifariki katika ukoo wetu, kuanzia Pongwe mpaka Ushongo, habari inaletwa kwenye simu hiyo, na mama ndiye anayewapigia wengine mmoja mmoja, alfajiri, kwa mpangilio anaoujua mwenyewe. Hajawahi kumsahau mtu. Watu wetu ukiwadhulumu shamba watakusamehe, lakini ukimzika ndugu yao bila kuwaambia, umeshakosana nao maisha. Binamu yangu Mudathir wa Pongwe ameihifadhi namba yetu kwa neno moja tu: Msiba.

Nilimweleza mama nikiwa nimeshajiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Aliifuta simu vumbi kwa ncha ya kanga.

"Basi waikate, mwanangu. Kazi yako ndo inayotulisha. Ila nipe mpaka Ijumaa niwaarifu watu."

Roho iliniuma, lakini nilishukuru pia. Nikapeleka ombi. Bryson akasema atapiga kuthibitisha.

Sasa, mama yangu ana akili zake timamu. Lakini kesho yake, alipomaliza tu kuswali alfajiri, aliketi kwenye simu ile ile, akawapigia watu wale wale, kwa mpangilio ule ule, kuwaambia kwamba namba inafungwa. Hakuna aliyemsikiliza. Mudathir aliona jina kwenye kioo, hakupokea, akaenda kutafuta turubai. Shangazi Mwanamkasi, dada yake baba, alipokea kule Ushongo, akasikia "Wifi, ni mimi," akaangua kilio na kukata. Mama akadhani mtandao mbovu, akampigia anayefuata.

Jua lilipopanda nilikuwa na mwanafunzi wangu wa Ujerumani, namfundisha namna ya kubisha hodi. Kilio kikaingia uani bila hodi. Mwanafunzi akauliza kama hiyo nayo ni sehemu ya somo. Nikafunga kompyuta.

Nje turubai lilikuwa limeshafungwa kwenye nguzo ya umeme na viti vimepangwa. Majirani walipoona turubai nao wakaja, na kwa kuwa waliona haya kuuliza aliyekufa ni nani, walikaa tu kimya na kofia zao. Wanawake walikuwa wanachambua mchele ambao sijui ulitoka wapi. Mama akatoka chumbani. Shangazi, aliyeingia na kilio chake kutoka Ushongo, akamwona, akanyamaza. Akaniona na mimi, akafuta machozi kwa hasira.

"Sasa wifi, wewe mzima, Hasina mzima. Tunamlilia nani?"

"Simu," akasema mama.

Ikabidi nieleze. Punguzo, ada, kifurushi, mbele ya watu waliokuja kuzika. Mudathir akauliza kwani bei imepanda. Nikamjibu kwamba kwa mujibu wa kampuni haijapanda. Akasema basi tatizo liko wapi. Nilitamani kumpiga na kiti.

Wengine wakaanza kucheka. Shangazi hakucheka.

"Mie sina mtoto, Hasina," akasema. "Majirani zangu kule nimewapa namba hii moja. Nikifa, wapige hapa. Sasa watapiga wapi?"

Ningemwambia wapige kwangu, lakini ya kwangu naizima kila ninapofundisha, na yeye anajua.

Hapo simu ikalia. Mikono ikasimama kwenye mchele, kila mtu akiangaza nani hayupo. Mama akaingia ndani, nami nyuma yake.

"Marahaba, baba," akasema. Kisha akasikiliza muda mrefu, nami nikajua anaboreshewa. Akanitazama tu.

Nikamnyang'anya mkonga wa simu.

"Bryson, usiikate. Nitalipa hiyo bei yenu."

Akanishukuru kwa kuendelea kuwa sehemu ya familia yao. Nilikata kabla sijamtukana.

Wali ukapikwa, ukaliwa. Mudathir akafungua turubai lake. Jioni shangazi akapanda gari la Pangani, na mimi nikakaa kupanga wanafunzi wa ziada ili hiyo ada ipatikane.

Asubuhi yake mama akampigia shangazi kuuliza kama alifika salama. Akampigia, bila shaka, kwa simu ya mezani. Shangazi hakupokea. Kabla ya adhuhuri alikuwa mlangoni kwetu, baibui limejaa vumbi, akinishika mashavu kwa mikono yote miwili, kisha akanisukuma pembeni kwenda kumtafuta mama.