Sufi ya Tajiri

Fundi wa mito alikuwa anashindilia sufi kwenye foronya pale koo lilipomkereketa tena. Akakohoa, akameza, akakohoa.

"Jogoo kawika," alisema wifi yake, aliyekuwa akishona kwenye benchi moja naye. "Tuamke?"

Wanawake wakacheka. Msimamizi hakucheka. Alikuja mpaka mezani, akasimama mbali kidogo.

"Mwezi wa pili huu unakohoa. Nenda zahanati sasa hivi. Ikiwa ni kifua kikuu, usirudi humu."

Fundi akaenda. Nyumbani kulikuwa na mama mkwe na watoto wake mwenyewe, na jiko lao liliwaka kwa pesa ya mito ile.

Tabibu alikuwa binti mdogo, kilemba kimepauka kwa kufuliwa. Alimsikiliza mgongo, akamsikiliza kifua.

"Kifua chako safi, mama. Hebu panua mdomo."

Akammulika, kisha akampa kioo kidogo ajione mwenyewe. Nyuma kabisa, kwenye ukuta mwekundu wa koo, ute ulikuwa ukiteremka taratibu kama uji kwenye ukingo wa sufuria.

"Unatoka wapi huo?"

"Puani. Pua hailali, mama. Kutwa nzima hutengeneza ute karibu lita moja, ukanasa vumbi, nawe ukaumeza bila habari. Vumbi likizidi, ute huwa mzito. Ndio huo unaokukereketa."

"Lita? Humu humu?"

"Humo humo."

Tabibu akamwelekeza: maji yaliyochemka yakapoa, kikombe kimoja, chumvi robo kijiko cha chai, ayapandishe puani ayapenge. Anywe maji mengi. Alale kichwa kikiwa juu. Akiona damu au homa, arudi. "Na kazini jifungeni kitambaa, mfungue madirisha."

Njiani alitembea polepole, akiwatazama watu. Msukuma mkokoteni, bibi harusi kwenye gari, askari aliyenuna kwenye kona: wote wanameza, kimya kimya, na hakuna anayejua. Alitaka kumsimamisha mtu amwambie. Akaona haya.

Alipita nyumbani akatengeneza maji yake, akayasubiri yapoe. Akarudi nayo kiwandani; uani akainama, akayapandisha, akapenga kwenye kitambaa cheupe. Ukatoka ute wa kijivu, umeviringana na nyuzi za sufi.

Wanawake wakasogea.

"Wifi yangu," wifi akasema kwa sauti ya chini, "kumbe puani nako unashona mto."

Msimamizi akatokea. "Wamesemaje?"

"Kifua safi. Ni vumbi. Wamesema madirisha yafunguliwe."

"Madirisha yamepigwa misumari. Tajiri hataki sufi yake iruke nje. Atanikata mshahara mimi." Akasita, akasafisha koo. Akalisafisha tena.

"Panua mdomo, kaka," alisema fundi.

"Nini?"

"Panua tu. Washa tochi ya simu."

Labda ni kwa kuwa wanawake wote walikuwa wakimtazama; akapanua. Fundi akachungulia koo lile kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada.

"Unaona nini?" aliuliza msimamizi, mdomo wazi.

"Mali ya tajiri."

Msimamizi akazima tochi. Akawatazama, mmoja mmoja, akameza.

"Rudini kazini," alisema, kisha akamgeukia fundi. "Na wewe pia."

Wakaingia wote, mlango ukafungwa nyuma yao.