Mgono wa Simu

Miaka ya tisini, wenye simu Nachingwea ungeweza kuwaalika karamu moja na ubwabwa ukabaki. Wote walimjua Bashiri, fundi wa laini, kwa sababu simu zao zilikufa kila kukicha na yeye ndiye aliyezifufua. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwepesi wa kununa kama mtoto aliyenyimwa ukoko, na akiwa juu ya nguzo usingependa kupita chini yake, maana nati isipokuangukia, tusi litakuangukia.

Upande wa pili wa laini, kule Ruangwa, alikuwepo fundi mwenzake, Gaudens. Kazi yao ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupigiana kuhakikisha laini inapita, na hapo ndipo siku ya Bashiri ilipoanza hasa, hata kama chai alishakunywa.

"Nachingwea! Mmeamka, au bado mmeinama mashimoni mnachimba panya?"

"Sisi tumeamka zamani. Nyinyi Wamakonde ndio mnaolala mpaka jua kali, panya wa kwenu mmeshawamaliza!"

"Mmwera wewe, njoo huku nikufundishe kuvaa viatu!"

Bashiri alikuwa Mmwera wa hapo hapo, na Gaudens Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kukimbia vita ya Wareno. Kwa hiyo walikuwa watani kabla hawajajuana majina, na kule kusini kila mtu anajua mtani ana ruhusa gani: anakutukana mbele ya wakwe zako, hata kukunyang'anya kitu chako, nawe unacheka, unasubiri zamu yako. Kuonana, mwanzoni walionana kwa nadra. Urafiki wao ulikuwa wa sauti, ndani ya waya wa shaba uliovuma vum vum kila upepo ukipita. Bashiri alikijua kikohozi cha Gaudens, aliwajua majogoo wake, hata mchi wa mkewe Goreti ukitwanga uani aliujua. Uliwahi kumjua mtu hivyo bila kumwona? Siku zile zilikuwa tamu, na anayesema zilikuwa za shida tu hakuwa na rafiki kwenye simu.

Shida ilikuwepo, lakini, na ilikuwa moja: korongo lililoko katikati ya njia. Hapo nguzo hazikusimama, mafuriko yalizizoa, kwa hiyo kebo ilishushwa ikapitishwa ubavuni mwa daraja. Masika daraja lilitikisika na bomba la chuma likapasuka. Kiangazi watu walichoma pori wakiwinda ndezi, na bomba la plastiki likayeyuka kama mshumaa. Katikati ya masika na kiangazi panya walikula kilichobaki. Bashiri na Gaudens wakawa wanakutana pale kila mara, kila mmoja na baiskeli yake, wakiunga nyaya na kutukanana.

Siku moja Gaudens alikaa chini akaitazama kebo muda mrefu, kisha akakata mianzi, akaipasua fito, akaanza kusuka. Alisuka mgono, mtego ule wa samaki aliofundishwa na babu yake kando ya Ruvuma, ila huu aliuacha wazi huku na huku na kuurefusha hadi ukawa bomba. Ulipinda ulivyotaka na haukubonyea. Bashiri naye hakutaka kuachwa nyuma. Alikwenda kwa mafundi baiskeli, akarudi na mipira ya ndani iliyochakaa, akauzungushia mgono mzima na kuupaka lami iliyopikwa kwenye debe. Gaudens aliusuka, Bashiri akauvika. Kebo ikapita ndani, daraja likatikisika masika nzima, na simu hazikufa. Mwaka huo Bashiri alinenepa kidogo.

Habari zikafika juu. Akaja mkubwa mmoja kutoka makao makuu, shati jeupe, kamera shingoni, akawakuta wote wawili korongoni.

"Nani kati yenu amebuni hiki kitu?" akauliza.

"Mimi," akasema Gaudens, hata hakupepesa. "Huyu Mmwera alikuja kunishikia baiskeli tu, na hiyo nayo akaiangusha."

Vibarua walicheka hadi wakakaa chini. Bashiri pia alicheka, akafungua kinywa amjibu, lakini mkubwa alikuwa ameshageuka na kamera yake kumpiga Gaudens picha. Mtu wa watu yule hakuzaliwa kusini. Alisikia maneno, akayachukua kama yalivyo, akaondoka nayo.

Miezi ikapita, ikaja zawadi: cheti na redio kubwa ya kaseti, vyote kwa jina la Gaudens peke yake. Asubuhi yake simu ikalia.

"Mmwera! Redio imefika. Njoo Jumapili tuisikilize. Wewe utakaa nje, dirishani!"

Kwa mtani, huo ulikuwa mwaliko. Maana yake njoo, kuku ameshachinjwa. Bashiri alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, lakini roho ilikuwa imeshachacha. Na ubaya wenyewe ni kwamba hasira ile hakuwa na pa kuipeleka. Angemwambia nani? Mtani hakasirikiwi. Angewashtakia wazee, wangemcheka na kumtoza faini ya jogoo. Basi akaimeza, ikamkaa.

"Laini nzima," akasema, akakata simu.

Kesho yake hivyo hivyo. Laini nzima. Gaudens akajaribu panya, akajaribu viatu, akajaribu hata kumuuliza Mungu kwa sauti kubwa alimuumba Mmwera kwa udongo gani. Laini nzima. Mwisho na yeye akaanza kujibu hivyo hivyo, kwa adabu, kama karani. Hakuna kitu kinachouma kama mtani akikufanyia adabu. Kisha zikaja simu za mkononi, mafundi wa laini wakapunguzwa kazi, shaba ikaibiwa kipande kwa kipande ikawa bangili, na asubuhi za Bashiri zikawa kimya. Swaumu, mkewe, alimwambia mara nyingi, "Baba, nenda Ruangwa ukamwone mwenzio." Yeye akasema ana palizi. Mikorosho yake ilipaliliwa kuliko mikorosho yote ya Nachingwea.

Mwaka elfu mbili na tisa wakaja watu wa mkongo, kebo mpya ya mawasiliano. Walichimba mtaro kando ya barabara kuelekea Ruangwa, na walihitaji mtu anayejua kebo za zamani zimelala wapi. Bashiri akachukuliwa. Msimamizi wao alikuwa msichana, Tabitha, injinia mwenye buti na kicheko cha karibu, akimwita mzee na kumwekea kiti kivulini.

Tabitha ndiye aliyemwonyesha unywele wa kioo uliomo ndani ya kebo, na kumwambia humo hakipiti umeme, unapita mwanga. Akamwonyesha pia viungio, vidogo kama vifuniko vya kalamu, akivipangusa kwa kitambaa chenye spiriti kila alipovigusa.

"Humu ndani, mzee, ncha mbili za kioo zinakutana uso kwa uso. Lakini likiingia vumbi kidogo tu kati yao, hata usiloliona, mwanga haupiti vizuri. Kebo inaweza kuwa nzima toka hapa mpaka Dar es Salaam, na bado usipate kitu."

"Kwa vumbi tu?"

"Kwa vumbi tu."

Bashiri alikishika kile kiungio, akakipangusa tena kwa kile kitambaa, akakirudisha.

Walipofika korongoni wakakwama. Pale mtaro ulipopanda kushika ubavu wa daraja palikuwa na kona, na mabomba yao magumu yalivunjika shingo. Kioo nacho hakitaki kukunjwa. Ukikibana, mwanga unavuja. Tabitha alikuwa ameshaagiza mabomba laini ya kupinda, yakakwama njiani, na mawingu yalikuwa yanajikusanya. Alijaribu mpira wa kumwagilia bustani. Jua lilipouchemsha ukalala kama utumbo. Ndipo Bashiri akamwambia habari ya mgono.

Tabitha alichora harakaharaka kwenye vumbi, akauliza hili na lile, macho yakamwaka. "Hiyo inafaa kabisa mpaka yangu yafike! Kwa nini hukusema mapema? Utatusukia?"

"Mimi nilivika tu, mwanangu. Sijui unavyoanzwa. Anayejua yuko Ruangwa."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida. Kwa miaka yote ile alikuwa amengoja sababu isiyofanana na kuomba radhi, na sasa ilikuwa imekuja yenyewe na buti miguuni. Kitu kimoja tu alikiogopa: kwamba Gaudens atampokea kwa adabu.

Asubuhi iliyofuata Tabitha alimpeleka kwa gari, akamshusha penye nyumba ya bati iliyozungukwa na mihogo, na yeye akaenda zake kwenye kituo cha simu. Bashiri alikuwa amebeba mzigo wa fito za mianzi begani, na alivaa kofia yake ya vito aliyoshonewa na Swaumu kwa ajili ya Idi.

Goreti alitoka jikoni akipangusa mikono. Alimwangalia, kisha akaiangalia ardhi.

"Shemeji Bashiri. Umechelewa mno."

Fito zikamdondoka. "Amekufa?"

"Hajafa. Kiharusi. Tangu mwaka jana mkono wa kulia hauna kazi, na kusema hasemi. Anasikia vizuri tu. Sauti ndiyo hatuna tena humu ndani."

Bashiri alishika nguzo ya kibaraza. Katika dunia nzima hakuna kitu alichokitaka kuliko sauti ile, na alikuwa ameiacha ikae bure miaka mingi kwa sababu ya redio ya kaseti. Alitamani Goreti amtukane. Goreti akachukua kigoda, akampeleka baraza ya uani.

Gaudens alikuwa amelazwa huko kwenye kitanda cha kamba, amekonda, nusu ya uso imelegea. Alipomwona mgeni wake alimtazama kitambo, kisha polepole akageuza uso ukutani.

"Mtani," akasema Bashiri. "Nimekuja, mtani. Nilinuna. Nilinuna kama mjinga."

Hakuna. Mgongo tu, na mbavu zikipanda na kushuka. Maneno matamu Bashiri hakujaliwa. Akaziokota fito zake, akakaa kwenye kigoda, akaanza kusuka mwenyewe. Alikumbuka fito zinapishana, lakini mdomo wa mgono unaanzwaje? Akafunga hivi, ikafunguka. Akafunga vile, ikapinda upande kama kikapu kilichokaliwa. Akajisukia tu, akikosea na kuendelea, na mianzi ikilia krr krr kwa kulazimishwa.

Sauti ile ndiyo iliyomshinda Gaudens. Kichwa kikageuka kidogo, jicho moja likachungulia. Fundi gani atavumilia kusikia mwanzi unateswa? Akapumua kwa nguvu puani, akajiinua kwa kiwiko, Goreti akamkimbilia na kumwegemeza ukutani, na mkono wa kushoto ukanyoosha vidole na kumpokonya Bashiri ile takataka. Akaifumua yote. Akakipiga kidole cha Bashiri: shika hapa. Akazungusha ufito, akakipiga tena: bana. Mkono wa kushoto wa mmoja na mikono miwili ya mwingine vikaanza kufanya kazi ya mtu mmoja, na mdomo wa mgono ukatokea, mviringo, imara, ukipinda bila kubonyea.

Walisuka mpaka kivuli cha nyumba kikahama. Bashiri akawa anazungumza, maana kimya hakukiweza: habari za kioo chembamba kama unywele, za mwanga unaokwenda Dar na kurudi kabla hujakohoa. Gaudens alisikiliza. Uso wake haukuonyesha kitu. Alikuwa anamfundisha kwa upole, kama unavyomfundisha mgeni, na upole ule ulikuwa unamkata Bashiri maini. Gari la Tabitha likapiga honi barabarani. Mgono ulikuwa tayari, umebaki kuvikwa tu. Bashiri akainama kuuchukua.

"Basi, ahsante," akasema. "Ahsante sana, ndugu yangu." Na alipojisikia anasema "ndugu yangu" badala ya mtani, macho yakamjaa machozi.

Mkono wa kushoto ukaruka. Haukuugusa mgono. Ulikwenda moja kwa moja kichwani kwa Bashiri, ukainyakua kofia ya Idi na kuibandika kwenye kichwa cha Gaudens, upande upande, mpaka kwenye nyusi. Kisha Gaudens akamkazia macho kama mfalme aliyeketi kitini, nusu ile ya mdomo iliyo nzima ikipanda juu.

"We! Hiyo ya Swaumu, alishona mwezi mzima!" Bashiri akanyoosha mkono. Gaudens akaubana ukingo wa kofia kwa vidole vyote.

"Mtani wako kashachukua," akasema Goreti, naye akicheka na kulia kwa pamoja. "Unaidai? Unamjua au humjui?"

"Mkatoliki na kofia ya Idi!" Bashiri akafoka, sauti ikampasuka katikati. "Mmakonde mwizi wewe! Haikukai! Unafanana na chungu kilichofunikwa kwa kifuniko cha jirani!"

Kifuani mwa Gaudens kukatoka mlio, wa chini, wa kukwaruza, ukimtikisa mabega. Haukuwa neno. Lakini Bashiri alikuwa ameusikia kila asubuhi kwa miaka, ndani ya waya, na aliujua ni kicheko.

Tabitha alipouliza garini kofia iko wapi, mzee aliupakata mgono. Akaangalia nje dirishani mpaka kijiji cha Likunja kikapita. Na Swaumu alipomwona anaingia uani kichwa wazi, akaanza kuuliza kwa ukali, Bashiri alikaa chini palepale mlangoni.

"Imechukuliwa," akamwambia. "Imechukuliwa, mama. Anza kunishonea nyingine, maana nitarudi tena Jumapili, na hiyo nayo ataichukua."