Picha Tuliyoipa Migongo

Nianze kwa kusema wazi: picha ile ilikuwa ya ovyo, na anayetaka kunibishia aje kwenye banda langu la baiskeli hapa Shinyanga tubishane vizuri. Wazungu walikuja mwaka 1952 kutengeneza sinema ya enzi za Mjerumani. Wakamvika mtu manyoya, wakamwita Mtemi, wakamfanya agawe nchi nzima huku anachekelea, eti kwa sababu amepewa kioo cha kujitazama. Watu wake nao wakapiga magoti na makofi. Babu yangu alikimbizwa na askari wa Mjerumani mpaka Nkome, akajificha kwenye matete siku tatu. Hakumpigia mtu makofi.

Miaka minne baadaye gari la sinema likaanza kuizungusha. Habari zilitufikia kwa treni: Mwanza watu wamekirushia kitambaa cha sinema mawe, Tabora wamezomea mpaka mashine ikazimwa. Kisha tukaambiwa Jumamosi ni zamu yetu, uwanja wa nyuma ya kiwanda cha pamba. Nikasimama kwenye kikao nyumbani kwa Mzee Ngassa, kiongozi wa ngoma yetu, nikasema asiende mtu hata mmoja.

"Mimi nitakwenda," akasema shemeji yangu Mageni.

Mageni alikuwa mjane wa kaka yangu Masele. Na Masele, Mungu amrehemu, alikuwemo kwenye picha ile. Walimchukua kwa lori kutoka Isaka pamoja na wenzake thelathini na tisa, wakapigishwa magoti juani wiki nzima. Niligombana naye. Nilimwambia ameuza magoti yake. Akacheka tu, kama alivyocheka kwa kila jambo. Miezi miwili baadaye homa ikamchukua, Mageni akiwa na mimba ya Limi. Masele hakuwahi kupigwa picha nyingine yoyote maishani mwake.

"Limi hajauona uso wa baba yake hata siku moja," Mageni akaendelea. "Ninyi kasirikeni. Mimi nampeleka mtoto akamwone."

Niliona haya, lakini hasira yangu ina ukaidi, haikubali kutoka mikono mitupu. Nikatafuta njia. Kwetu ngoma mbili zikishindana uwanjani, kila moja huvuta watazamaji upande wake, na inayopewa migongo imeshindwa hata ikipiga mpaka jua lizame. Basi nikasema twendeni wote, tuipe picha ile migongo, Mageni na mtoto tu ndio watazame, na mwingine atakayegeuka ametufanya tushindwe. Mzee Ngassa akafurahi mno. Tangu wapinzani wetu watubwage msimu uliopita alikuwa akitafuta wa kumshinda, hata kama ni kitambaa.

Jumamosi jioni, giza lilipoingia, tulikuwa zaidi ya watu mia tatu, tumekaa chini tukilitazama gari. Mwendesha mashine, Gregory, mtu mpole kutoka Bukoba, alituangalia kwa wasiwasi.

"Shikamooni wazee. Kitambaa kiko kule nyuma yenu."

"Marahaba. Tunakijua kilipo," Mzee Ngassa akamjibu. "Washa mashine yako."

Kumbe hatukupiga hesabu vizuri. Taa ya mashine ilitupiga usoni moja kwa moja, tukakaa tumekunja nyuso kama watu waliolamba ndimu. Mageni peke yake ndiye aliyetazama kitambaa, ameketi ubavuni kwangu, Limi mapajani mwake. Kipaza sauti kikamtangaza Mtemi. Makofi yakalia ndani ya picha.

"Uongo!" Mzee Ngassa akafoka, macho kwenye taa.

Mara Mageni akanishika mkono kwa nguvu. "Limi, tazama. Yule wa pembeni, anayecheka. Yule ndiye baba."

Anayecheka? Shingo ikaniwasha. Sikugeuka.

Limi, aliyefundishwa adabu kabla hajajua kula vizuri, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, baba."

Kitambaa hakikujibu. Mtoto akangoja, kisha akaongeza sauti. "Shikamoo, baba!"

Kwetu mtoto akimwamkia mkubwa haachwi hivi hivi, ni aibu. Na ndugu wa baba ni baba. Nikageuka.

Alikuwa pale, Masele wangu. Wenzake wote wameinamisha vichwa. Yeye amepiga magoti kama wao, lakini uso ameuinua, anamcheka yule Mtemi wa manyoya meno yote nje, mbele ya Wazungu na mashine yao. Na mimi nilimwambia mtu huyu ameuza magoti!

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu Limi, machozi yananitoka na kucheka nacheka.

"Thobias amegeuka!" Mzee Ngassa akapiga kelele. Aliionaje shingo yangu kama yake ilikuwa imetulia, hilo hajanieleza mpaka leo.

Uwanja mzima ukageuka. Lakini Masele alikuwa ameshapita, sasa ni Mjerumani anapanda punda, na watu mia tatu wakaanza kulalamika kwamba wamepunjwa. Nikainuka, nikamwendea Gregory kwenye gari lake.

"Ndugu yangu, hii picha yako ni mbaya sana," nikamwambia. "Hebu tuoneshe tena pale pale."