Daraja la Saa Sita na Dakika Ishirini

Saa moja na dakika hamsini asubuhi, Jumanne, Bibi alikuwa mgongoni kwa Kreni, katikati ya mfereji, akimfundisha kutembea.

"Mguu wa kulia kwanza. Wa kulia, baba! Kulia kwako hukujui?"

"Tulia, Bibi. Ukitikisika tunaanguka wote, na wa chini nitakuwa mimi."

"Ndiyo maana sina wasiwasi. Twende."

Kreni alikuwa mchukuzi wa magunia sokoni, na jina hilo alipewa zamani, magoti yake yalipokuwa bado mazima. Juu yao, kwenye mbao mbili zilizolazwa kutoka ukingo hadi ukingo, mkwe wa Bibi, mke wa mwanawe, alivuka akiwa na kiti cha magurudumu kichwani. Huyu alikuwa fundi cherehani na katibu wa kamati ya mtaa. Watu walimwita Sentimita, kwa kuwa hakuwahi kusema kitu ni kirefu bila kusema ni kirefu kiasi gani.

Mfereji aliupima kwa futi yake ya kushonea: upana meta nne na sentimita thelathini, kina meta moja na sabini. Kila ubao ulikuwa na upana wa sentimita ishirini. Kiti cha Bibi, sentimita sitini na nne. Hesabu hiyo haihitaji shahada, na pengine ndiyo sababu serikali ilichukua miezi minane kuisoma.

Zahanati ilikuwa ng'ambo, hatua mia mbili na kumi. Nyuma, mbali na mfereji, mtaa uliishia kwenye ngazi thelathini na moja, ambazo kiti hakikuzipenda vilevile. Bibi alipigwa na kiharusi mwaka uliotangulia, akapewa nafasi ya mazoezi ya mkono kila Jumanne na Ijumaa. Siku ya kwanza hakuweza kushika kitu. Baada ya miezi minne aliweza kushika rula ya mbao kwa sekunde kumi na moja bila kuiangusha. Sentimita aliziandika sekunde hizo ukutani kwa chaki ya kushonea, juu ya cherehani. Sharti la zahanati nalo lilikuwa ukutani, ukuta wao: mgonjwa akikosa mara nne mfululizo, jina lake linafutwa na kurudi kwenye orodha ya kusubiri. Orodha hiyo ilikuwa ya miezi saba.

Kreni alimtua Bibi kwenye kiti, akabaki ameinama.

"Dada," alimwambia Sentimita, "goti hili daktari amelikataa. Kasema nikiendelea kubeba watalipasua. Nitambeba mpaka Ijumaa. Baada ya hapo mnisamehe."

"Hujakosa kitu, kaka. Miezi minne si mchezo."

"Na mimi je?" Bibi akadakia. "Mnaagana juu ya kichwa changu kama mimi ni gunia la mkaa."

"Gunia la mkaa halisemi, Bibi," Kreni akajibu. "Ndiyo raha yake."

Siku hiyohiyo mchana ikafika barua. Ombi la kamati la ruzuku ya serikali, kwa ajili ya daraja la waenda kwa miguu, lilikuwa limefikia hatua ya ukaguzi. Mkaguzi angefika Ijumaa saa nne asubuhi kuona hali halisi.

Ombi lenyewe lilikuwa na kurasa thelathini na mbili, nakala tano. Sentimita alilijaza peke yake, kwa kuwa wajumbe wengine walikuwa na kazi ya kumpongeza. Fomu iliuliza mengi ambayo mtu hangeyafikiria. Je, daraja litawanufaisha vipi watu ambao hawatalitumia? Litaathiri vipi wanyama wa eneo? Hapo Sentimita aliandika: "Kuna bata wawili wa jirani. Hawajatoa pingamizi."

Kamati ilikutana Jumatano kwenye duka la Mwenyekiti, ambaye alikuwa kinyozi na mtu wa heshima, hasa heshima inayoonekana kwa mbali.

"Mkaguzi huyu," alisema, mashine ya kunyolea ikiwa bado mkononi, "ni mgeni wa serikali. Atavukaje? Juu ya zile fito mbili? Akitumbukia na viatu vyake, ruzuku tutaisikia kwa jirani."

"Anakuja kuona kwamba hakupitiki," Sentimita alisema. "Mwacheni aone hakupitiki."

"Katibu, hayo ni ya kwenye makaratasi. Mgeni hapokelewi kwa matope."

Seremala akainua mkono. Alikuwa na mbao nane nzito za meta tano, za kitanda cha mteja, zimerandwa lakini bado hazijakatwa. Angeweza kuziazimisha kwa siku moja. Zingewekwa asubuhi, zifungwe kwa fito chini, na mchana zirudi karakana zikawe kitanda kama zilivyopangiwa.

"Mnamwonyesha daraja mtu mnayemwomba daraja," Sentimita alisema. "Ukienda kuomba unga, unaingia na mkate kwapani?"

"Atajua ni la muda. Ni msomi yule," Mwenyekiti alisema. "Tupige kura."

Kura zilikuwa tisa kwa moja. Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wahenga, ambao ni dhahiri hawakuwahi kukaa kwenye kamati.

Ijumaa, saa mbili na dakika kumi asubuhi, ubao wa nane ulifungwa. Daraja lilikuwa na upana wa meta moja na sentimita arobaini, na lilinukia maranda. Kreni alikuwa amesimama ukingoni, goti limefungwa bendeji, akisubiri mzigo wake wa mwisho.

Inafaa isemwe waziwazi, kwa kuwa baadaye kila mtu alitaka kusahau: Sentimita, aliyelipinga daraja hilo kwa kura yake moja, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitumia. Kiti kilikuwa mbele yake, daraja lilikuwa mbele ya kiti, na goti la Kreni lilikuwa pembeni limevimba kama papai. Alisukuma. Magurudumu yalipita bila kelele.

"Kumbe ndivyo watu wanavyovuka," Bibi alisema. "Bila kunusa shingo ya mtu."

Walirudi saa nne na dakika tano. Mkaguzi alikuwa tayari ukingoni, viatu vyake vikavu, Mwenyekiti akimshikia mwavuli ingawa halikuwapo jua wala mvua.

"Ngoja hapohapo, mama!" mkaguzi aliita, akiinua simu yake. "Katikati! Tabasamu kidogo!"

Bibi, ambaye kwa mwaka mzima hakuna aliyemwomba tabasamu, alitabasamu kwa upande wa uso uliomtii. Picha ilitoka nzuri sana.

"Linapitika?" mkaguzi alimuuliza Sentimita, kalamu tayari.

"Leo linapitika. Hizi ni mbao za kitanda, mheshimiwa, zinarudi karakana mchana. Andika neno 'leo'."

Mkaguzi aliikagua fomu juu na chini. "Sehemu hii ina 'ndiyo' na 'hapana' tu, mama. Ya 'leo' haipo." Akatia alama kwenye ndiyo, akapewa soda, akaondoka.

Saa nane na nusu seremala alizifungua mbao zake. Daraja lilikuwa limedumu saa sita na dakika ishirini. Sentimita aliandika hilo pia kwenye daftari la mikutano, chini ya "mengineyo".

Jumanne iliyofuata Bibi hakwenda zahanati. Mwenyekiti alikuwa ameunda kamati ndogo ya ubebaji, yenye mwenyekiti wake na katibu wake. Ilikutana mara mbili ikamchagua mweka hazina. Vijana wawili wa gereji walijaribu kumvusha Bibi kwenye kiti juu ya zile mbao mbili, na walipofika hatua ya tatu ubao mmoja ulilia kwa namna iliyowarudisha wote nyumbani.

Jumatano ikaja barua nyingine. Ombi linaweza kulala miezi minane, lakini kukataliwa kuna miguu. "Kufuatia ukaguzi, imebainika kuwa daraja lililoombwa tayari lipo na liko katika hali nzuri. Tunaipongeza jamii kwa juhudi zake." Picha ya Bibi ilikuwa imeambatanishwa.

"Nimependeza," Bibi alisema. Kisha akaomba rula. Aliiangusha kwenye sekunde ya nane.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Sentimita alikuwa dirisha namba tatu la ofisi ya ruzuku. Karani alifungua daftari pana kuliko meza.

"Daraja lenu hili hapa. Namba 417. Hali, nzuri. Limeingizwa kwenye mali za umma."

"Halipo, ndugu yangu. Lilikuwa kitanda."

"Hapa limeandikwa daraja."

"Kwenye mfereji hakuna kitu."

"Dada, mimi nakaa na daftari. Sikai kwenye mfereji."

"Basi nakata rufaa."

"Rufaa inataka mkaguzi arudi. Foleni yake imefika mwezi wa tisa." Karani aliongea bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi. "Na safari hiyo asikute daraja tena."

Sentimita alilitazama daftari. Lilikuwa la jalada gumu, limepigwa mihuri, na ndani yake, kati ya kisima namba 416 na choo namba 418, lilikuwamo daraja zima lenye hali nzuri.

"Na daraja lililo kwenye daftari likiharibika?"

"Hiyo haihitaji kuomba. Hiyo ni ukarabati wa dharura, dirisha namba tano. Wanatakiwa kufika ndani ya siku tatu za kazi." Karani akafunga daftari. "Wale wamekaa bure tangu mwaka uanze. Watu hawana madaraja ya kuharibika."

Fomu ya dirisha namba tano ilikuwa ukurasa mmoja. Namba ya mali: 417. Tatizo: Daraja halionekani mahali pake. Sababu: Mbao zake ziliondolewa. Kiwango cha uharibifu: Lote. Sentimita aliisoma mara mbili, akaondoa mkato mmoja, akasaini. Jioni Mwenyekiti aliiona nakala.

"Katibu, huu si uongo? Tutafungwa!"

"Nionyeshe neno la uongo."

Mwenyekiti alisoma kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu. Hakulipata.

Ijumaa Bibi alikosa mara ya pili. Jumatatu, saa nne asubuhi, lori liliegeshwa ng'ambo, karibu na zahanati, likashusha vyuma, mbao nene na mafundi watano. Msimamizi wao alikuja na karatasi mkononi, akatazama mfereji, akatazama karatasi, akatazama mfereji tena.

"Mama, daraja la zamani liko wapi?"

"Unaona lolote?"

"Sioni."

"Ndivyo nilivyoandika."

Msimamizi alikuna kichwa. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne, sijaona daraja lililoharibika namna hii. Hata msumari!" Akaandika kwenye karatasi yake: uharibifu asilimia mia. Kisha akawaambia mafundi waanze.

Jumanne Bibi alikosa mara ya tatu, akiwa amekaa ukingoni kwenye kiti, akiwasimamia.

"Wewe mwenye kofia! Hiyo nati umeikaza au umeisalimia?"

Rula, jioni hiyo, sekunde sita.

Alhamisi saa kumi na moja jioni daraja lilikamilika: meta moja na nusu upana, vyuma vya kushikia pande zote, na kibao kidogo kilichosema "Limekarabatiwa". Seremala alilipapasa akasema mbao zake zilikuwa nzuri zaidi. Kabla mafundi hawajapakia vyombo vyao, Mwenyekiti alifika na utepe mwekundu, meta tano, ambao asubuhi alikuwa ameununua kwa Sentimita bila kusema wa nini, akaufunga kutoka chuma hadi chuma, ncha zake ndefu zikining'inia pande zote mbili.

"Mheshimiwa diwani atalifungua Jumamosi," alitangaza. "Mpaka hapo, mtu yeyote asipite. Daraja ambalo halijafunguliwa halijafunguliwa."

"Kesho ni Ijumaa," Sentimita alisema.

"Na keshokutwa ni Jumamosi! Siku moja tu, Katibu. Miezi minane tumevumilia."

"Akikosa kesho ni mara ya nne."

"Nitaongea na zahanati. Mimi ni mwenyekiti."

"Uliongea pia na mkaguzi."

Mwenyekiti alijibu kwa kuukaza utepe.

Ijumaa saa mbili na dakika tano asubuhi Sentimita alikisukuma kiti hadi darajani. Kreni alikuwapo, kwa fimbo, akisema amepita tu. Mwenyekiti alikuwa ng'ambo, akipanga viti vya kesho. Sentimita alitoa mfukoni mkasi wake wa kazi, ule mzito wa kukatia suti.

"Katibu! Katibu, usithubutu! Mheshimiwa atakata nini?"

"Nimekata katikati," Sentimita alisema, na ilikuwa kweli. "Meta mbili na nusu kila upande. Kesho mtaunganisha kwa pini."

"Pini zipo dukani kwa mkwe wangu," Bibi aliongeza walipokuwa wakimpita. "Na usituzibie njia, baba, tuna miadi."

Saa mbili na dakika ishirini na sita, muuguzi wa chumba cha mazoezi alifungua orodha ya Ijumaa, akapitisha kidole mpaka kwenye jina la Bibi, akatia alama ya amefika.